Mtwara kabla ya msimu: kazi kwa kazi, kazi kwa chakula, au daftari la deni?

Cherehani_Magomeni
Wadau habarini. Nashona hapa Mtwara mjini. Kila mwaka ikifika mwezi wa tatu, mifuko ya wateja inakauka. Hela ya korosho imeshaliwa, ada imeshalipwa, na minada ni mpaka Oktoba huko. Lakini nguo zinachanika mwaka mzima na sare za watoto hazingoji msimu. Watu wananijia mikono mitupu. Na mimi mwenyewe nina paa linalovuja na mtoto wa darasa la saba anayehitaji mtu wa kumfundisha hesabu jioni.

Kwa miaka miwili nimejaribu njia tatu. Kazi kwa kazi: namshonea mtu, naye ananifanyia jambo. Kazi kwa chakula: ananiletea mchele, makopa (muhogo uliokaushwa) au samaki. Na daftari: naandika deni, atalipa korosho zikiuzwa. Daftari ndilo limenitesa. Msimu uliopita niliandika wateja 14, hadi Januari wamelipa 6. Wawili kati ya waliobaki ni majirani zangu wa pua na mdomo, na sasa wananikwepa njiani. Hilo linaniuma kuliko hela yenyewe. Ninyi wenzangu mnafanyaje?

Uashi_Lindi
Pole dada. Mimi nasimama na kazi kwa kazi. Nilimjengea mwalimu mmoja choo, shimo na kibanda chake, akamfundisha kijana wangu miezi minne. Ila katikati tuligombana vibaya. Mimi nilijua tunabadilishana siku kwa siku. Yeye alikuwa anapiga bei ya mtaani: choo shilingi kadhaa, tuisheni shilingi kadhaa, na kwa hesabu yake alikuwa ameshamaliza mwezi wa pili. Hakukuwa na mwongo kati yetu, hatukuulizana tu mwanzoni. Tangu siku hiyo, kabla sijashika mwiko, nauliza: tunapima kwa siku au kwa bei? Tukikubaliana, tunamwita mtu wa tatu asikie.

Mkulima_Tandahimba
Dada, kuna mtego kwenye hilo daftari. Mteja akishindwa kulipa atakwambia "basi chukua korosho zenyewe". Usipokee. Korosho ghafi inapita AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwa stakabadhi ghalani: unaiweka ghalani, unapewa risiti, inauzwa mnadani. Utaratibu huo ulianza huku kwetu Mtwara mwaka 2007. Ukikusanya korosho za watu kulipia deni, wewe umeshakuwa kangomba, yaani mnunuzi wa korosho nje ya utaratibu, hata kama ulichotoa ni sketi na si hela. Na kangomba inaanzia hapo hapo: mtu kabanwa na shida kabla ya mavuno, anachukua cha mtu, halafu analipa kwa kipimo cha mwenye kudai.

Na jambo la pili. Mkulima akikwambia "nitalipa Oktoba" mara nyingi hakudanganyi. Anasubiri mnada, kisha makato, kisha hela iingie benki. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kisha ukaja uhakiki wa wakulima, na wengi tulikaa muda mrefu hatujalipwa. Deni lako linakuwa limefungwa kwenye kitu ambacho wala wewe wala mdaiwa hamna mkono nacho. Bora umpe kazi ya kukufanyia. Ila usimdai siku zake kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, tuko mashambani tunapuliza salfa, dawa ya mikorosho.

Mama_Msangamkuu
Mimi nauza samaki, navuka kuja mjini. Fundi wangu nampelekea fungu moja kila Ijumaa mpaka gauni liishe kulipwa. Nikimpa wote siku moja wataoza, naye atasema nimemdhulumu. Mwenye mchele au makopa ndiye anaweza kulipa kwa mkupuo.

Boda_Mikindani
Samahanini, mimi hii haijanifaa. Nilikubaliana na kinyozi: nimpeleke na kumrudisha, anyoe wanangu watatu. Kila safari petroli inatoka mfukoni mwangu, taslimu. Yeye mashine anayo, gharama yake ni umeme kidogo. Mwisho wa mwezi yeye anaona tumelipana sawa, mimi nimepungukiwa hela ya kula. Mwenye kazi inayokula mafuta anaumia.

Uashi_Lindi
Kaka umegusa penyewe. Hata mimi saruji na bati siziweki kwenye mabadilishano. Vifaa anatoa mwenye kazi yake, kinachobadilishwa ni ufundi tu. Kinyozi angekuwekea mafuta, halafu muda wako ndio ulinganishwe na kunyoa.

Mwalimu_Newala
Nikubaliane na mwashi, ila kazi kwa kazi ya watu wawili inakwama haraka. Mwashi anahitaji mwalimu, mwalimu hahitaji choo, anahitaji wa kumchotea maji. Huku Newala tuko 9 tunaolipana kwa saa za kazi. Saa moja ya yeyote ni sawa na saa moja ya mwingine, na naweza kumfundisha mtoto wa huyu, nikalipwa na yule.

Jambo lenyewe si letu. Teruko Mizushima alianzisha benki ya namna hiyo Osaka, Japani, mwaka 1973, na Edgar Cahn akalibuni tena Marekani mwaka 1980. Jirani zetu wa Mombasa, mtaa wa Bangladesh, walikwenda njia nyingine mwaka 2013: walichapisha vocha za Bangla-Pesa za kununuliana bidhaa. Waanzilishi walikamatwa, baadaye mashtaka yakafutwa. Kwa sababu hiyo sisi hatuchapishi karatasi yoyote. Tuna daftari moja, na hakuna anayeruhusiwa kudaiwa zaidi ya saa 10. Ukifika hapo, unafanya kwanza ndipo uombe tena.

Ugumu upo. Fundi umeme wetu alijitoa, alisema saa yake haiwezi kuwa sawa na saa ya kufua. Sikumlaumu, amesomea kazi yake na ina hatari. Lakini mama anayetufulia ndiye mwenye saa nyingi zaidi kwenye daftari, na zimemwezesha kuezekewa jiko. Kwa hela asingeweza.

Cherehani_Magomeni
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Wale 8 nitawafuata mmoja mmoja, niwaulize wanaweza kufanya nini badala ya kulipa. Mmoja mume wake ni fundi bati, na mimi mwaka mzima namdai hela huku paa linavuja! Kitambaa, uzi na zipu sasa mteja analeta mwenyewe. Chakula nitapokea mchele na makopa tu, na samaki kwa mtindo wa mama wa Msangamkuu.

Mwalimu, la saa nimelipenda lakini linanitia hofu. Mtu akihama na deni?

Mwalimu_Newala
Ilitokea mara moja. Mwenzetu alihamishiwa Masasi akiwa na deni la saa 3. Kila anayeingia kwetu analetwa na mtu, kwa hiyo aliyemleta ndiye aliyezilipa. Alikwenda kumpalilia bibi mmoja shamba la muhogo, asubuhi tatu, saa moja moja kabla ya kwenda kazini.