Mjadala: Mkho ni nani, na kwa nini ahesabiwe kwenye "lugha nyingine"?

Wakuu, salaam.

Nilikaa Sharjah miaka minne chumba kimoja na kijana wa Booni, kule Chitral, kaskazini kabisa mwa Pakistan. Msimamizi wetu alikuwa akimwita "Pathan", yaani Mpashtuni, kama alivyowaita wote waliotoka jimbo lile. Jamaa akimsahihisha kwa upole: "Mimi si Pathan, bosi. Mimi ni Kho." Msimamizi anacheka, kesho yake anarudia. Kwa aliye pembeni ni jambo dogo. Kwa mwenye jina si dogo hata kidogo, na tangu hapo suala hili halijanitoka moyoni.

Kwa wasioijua Chitral: ni mabonde marefu ndani ya milima ya Hindu Kush, juu yake umesimama Tirich Mir wenye mita 7,708. Ilikuwa na mtawala wake, aliyeitwa Mehtar, hadi mwaka 1969 ilipofanywa wilaya kama wilaya nyingine. Tangu 2018 imegawanywa mbili. Lugha kubwa ni Kikhowar, maana yake lugha ya Wakho. Hata ardhi inawataja: bonde moja huitwa Torkhow, Kho ya juu, na jingine Mulkhow, Kho ya chini. Jimbo lenyewe ndilo linalowapoteza wageni, kwa kuwa tangu 2010 linaitwa Khyber Pakhtunkhwa, jina linalobeba Wapashtuni peke yao.

Sasa twende kwenye ubishi. Wapo wanaosema Wakho si kabila, ni mkusanyiko wa watu waliookota lugha moja. Wanataja koo zinazosimulia kwamba mababu zao walitoka Badakhshan, ng'ambo ya milima upande wa Afghanistan, nyingine Asia ya Kati. Wanataja dini pia: Wakho wengi ni Sunni, lakini upande wa juu wapo Waismaili wengi, wafuasi wa Aga Khan kama hao tunaowaona Upanga na Mombasa. Yote hayo ni kweli. Ila hitimisho lao silikubali. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha, akaolewa, akazikwa na kuimbiwa kwa lugha hiyo, utamwambiaje hana watu kwa sababu babu wa babu yake alivuka mlima? Sisi tunaoandika Kiswahili tungekuwa wa mwisho kuileta hoja hiyo. Maneno ya "Mswahili hana asili" tumeyasikia mpaka yametuchosha.

Kwenye sensa ndipo penye uchungu. Fomu ya Pakistan ya mwaka 2017 ilikuwa na lugha tisa. Mwaka 2023 zikaongezwa tano: Kishina, Kibalti, Kikohistani, Kimewati na Kikalasha. Kikhowar hakimo. Wilaya ya Chitral ilihesabiwa watu 447,362 mwaka 2017, walio wengi wakiwa wasemaji wa Kikhowar, na bado wapo wengine ng'ambo ya njia ya mlimani ya Shandur, wilaya ya Ghizer. Wote hao wanatiwa alama kwenye "nyingine". Siwaonei kijicho Wakalasha hata punje. Wao ni elfu chache tu, wamebaki kwenye mabonde matatu na dini yao ya kale, na kuandikwa kwao ni haki. Nauliza tu kwa nini jirani yao aachwe. Wanaosema kuorodhesha lugha ni kugawa taifa wanijibu hapo: mbona kuandikwa kwa Kipashto hakuligawi?

Lakini kuna upande wa pili, na hapa natofautiana na baadhi ya Wakho wenyewe. Wapo wanaotaka kila mtu wa Chitral aandikwe Mkho ili namba iwe kubwa. Hilo nalikataa. Ndani ya Chitral kuna lugha zaidi ya kumi: Kipalula, Kidameli, Kigawar-Bati, Kiyidgha, Kiwakhi, Kiajemi cha Madaklasht na nyinginezo. Kikhowar nacho kimemeza wengine. Mkalasha akisilimu huitwa Sheikh, na mara nyingi vizazi vichache baadaye wajukuu wanasema Kikhowar na kujiita Wakho. Sehemu kubwa ya Chitral ya kusini ilikuwa ya Wakalasha zamani. Wengi waligeuka polepole, nyumba kwa nyumba.

Niliona jambo hilo kwa macho yangu pale chumbani. Bibi yake mzaa mama ni wa Garam Chashma, bonde la Lotkoh, wanakosema Kiyidgha. Ijumaa jioni alikuwa anapiga simu ya video. Bibi anamsalimu kwa Kikhowar, "Kicha asus?", wanazungumza weee. Kisha dada yake bibi anaingia na birika, na wale wazee wawili wanageukiana na kusema Kiyidgha. Jamaa yangu anabaki anatabasamu huku ameishika simu. Nikamuuliza wamesema nini. "Sijui," akaniambia. "Mama alielewa, ila kwetu hakuisema." Mtu yule yule aliyekuwa akimsahihisha msimamizi kila wiki.

Tangu handaki la Lowari, linalopita chini ya mlima kuiunganisha Chitral na sehemu nyingine za nchi, lifunguliwe mwaka 2017 njia haifungwi tena na theluji kama zamani. Biashara imeingia, hospitali zimekuwa karibu, nashukuru. Kipashto na Kiurdu navyo vimeingia kwa kasi, na Kikhowar kinaanza kuona kile ambacho Kiyidgha kimekiona.

Kwa hiyo msimamo wangu: Chitrali liwe jina la wote kwa sababu ni la mahali, Kho liwe la wanaojiita hivyo, na fomu iwe na nafasi ya kila lugha, pamoja na mtu kuandika mbili. Mnaosema nafasi moja inatosha, yule bibi wa Garam Chashma mngemwandika wapi?