Re: Mbunge wa New Hope na fedha za shule

Kutoka New Hope:

Hamjambo ndugu zangu. Tumehamia huku New Hope, mji wa jimbo la Minnesota, Marekani, karibuni na watoto wameanza shule. Jirani ananiambia mwakilishi wetu katika bunge la jimbo ni wakili anayefuatilia sana mambo ya shule. Mnamfahamu? Halafu, kama chakula cha shule Minnesota ni bure, mbona bado naletewa fomu ya kuuliza mapato?

Kutoka Brooklyn Park:

Karibu sana dada. Huyo ni Cedrick Frazier. Ni mzaliwa wa Chicago, upande wa South Side. Amekuwa wakili katika Education Minnesota, chama cha walimu, na diwani hapo New Hope kabla ya kuchaguliwa mwaka 2020. Jambo analolipigania ni shule kuajiri walimu weusi na wa jamii nyingine zisizo za wazungu. Mimi namuunga mkono kabisa. Watoto wetu wanaweza kusoma miaka na miaka bila kufundishwa na mtu mweusi hata mmoja.

Kuhusu fedha za shule, bajeti ya jimbo ya 2023 ndiyo iliyoleta mabadiliko. Kiwango cha msingi ambacho jimbo huipa shule kwa kila mwanafunzi kilikuwa dola 6,863 kwa mwaka; kikapanda hadi 7,138, kisha 7,281, na baada ya hapo kikafungamanishwa na mfumuko wa bei. Mwaka huohuo Gavana Tim Walz alitia saini sheria ya kiamsha kinywa na chakula cha mchana bure kwa wote.

Fomu hiyo ijaze, tafadhali! Shule hupata fedha za ziada kulingana na idadi ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, na fomu ni mojawapo ya njia za kuwahesabu. Wengi wetu tunaiweka kando tukidhani ni ya chakula tu, na shule ya mtoto inakosa fedha zake.

Kutoka St. Paul:

Naongezea kwa wale ambao bado hawana uraia: kura hatuna, lakini kuzungumza mbele ya kamati ya bunge hakuhitaji uraia. Mpigie mbunge simu, mweleze unaishi wapi na mtoto anasoma wapi.

Mwenye kijana anayemaliza sekondari aulizie North Star Promise, mpango wa jimbo wa kulipia karo ya chuo. Tangu vuli ya 2024, familia yenye kipato chini ya dola 80,000 kwa mwaka hailipi karo katika vyuo vya umma vya Minnesota. Kijana ajaze mapema FAFSA, yaani fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa fedha za masomo. Asiye na hati za uhamiaji ana fomu yake ya jimbo, ya Dream Act, sheria ya Minnesota inayowasaidia wanafunzi kama hao.