Mjadala: Ndege za melini, masharti ambayo jeshi humpa mchoraji wa ndege yabane au yalegezwe?

Bawa_Fupi: Wakuu, jeshi la majini likitaka ndege nzuri litaje kazi, njia limwachie mchoraji. Tazameni Skyhawk, ndege ya mashambulizi ya melini. Jeshi la majini la Marekani liliruhusu uzito wa tani 13 na ushee. Ed Heinemann, mchoraji wa kampuni ya Douglas, akaleta ndege ya karibu nusu ya hapo. Mabawa mita 8.38 tu, inaingia kwenye lifti ya meli bila kukunjwa, kwa hiyo bawaba na mitambo ya kukunjia haikuhitajika kabisa. Iliruka 1954, ikaundwa hadi 1979.

Mzee wa Sitaha: Unasifu kipaji cha mtu mmoja halafu unakiita utaratibu. Mhandisi anayelalamikia masharti ni mvivu. Zero ya kampuni ya Nakajima, ndege ya kivita ya jeshi la majini la Japani, ilitokana na masharti ya 1937 yaliyobana kasi, umbali, silaha, kila kitu. Ikatamba Pasifiki.

Bawa_Fupi: Mvivu? Heinemann? Futa hilo neno, mzee.

Kipanga: Na Zero ni ya Mitsubishi, aliyeichora ni Jiro Horikoshi. Nakajima waliyaona masharti wakajitoa. Unatukana watu na ndege yenyewe huijui ya nani.

Mzee wa Sitaha: Walijitoa kuichora. Lakini Zero nyingi ziliundwa kwao kuliko Mitsubishi, kasome. Sijakosea.

Kipanga: Umekosea. Fundi anayejenga nyumba si mwenye ramani.

Binti Nanga: Mnagombea kiwanda, marubani hamuwataji. Masharti yale yalidai wepesi na umbali, basi bamba la chuma la kumkinga rubani likaachwa, na matangi hayakuweza kujiziba yakitobolewa na risasi. Vijana waliungua angani. Hilo ndilo mnaloliita kutamba?

Mzee wa Sitaha: Dada, kosa hapo ni la walioandika masharti. Kubana si kosa.

Bawa_Fupi: Ndicho ninachosema tangu juu! Karatasi ikikosea na mhandisi kafungwa mikono, nani atairekebisha? McNamara, waziri wa ulinzi wa Marekani, mwaka 1961 alitaka ndege moja itumike jeshi la anga na la majini. F-111B, toleo la jeshi la majini, ikawa nzito mno kwa meli, ikafutwa 1968.

Mzee wa Sitaha: Ile ilikuwa siasa, usiichanganye na uhandisi. Na kuhusu Nakajima, Kipanga hajanijibu.

Kipanga: Nimekujibu. Rudi juu usome.

Binti Nanga: Mimi nami sijajibiwa.