Mbwa wangu akiona kuku au paka masikio yanaziba kabisa, nimfundisheje bila kumpiga?

MamaShaba

Wakuu habari zenu, naomba msaada kabla sijafanya jambo nitakalolijutia. Nina mbwa jike wa miaka miwili anaitwa Shaba, ni chotara, nilimchukua ana kama miezi nane kwaiyo huko nyuma alilelewaje sijui. Ndani ya nyumba ni mpole mpaka raha, mwanangu ana miaka minne wanalala pamoja kwenye mkeka mchana na hajawahi hata kumkoromea. Shida ni tukitoka nje. Akiona kuku, paka, ndege, hata mjusi anayepita ukutani, huyo sio Shaba ninayemjua tena. Anaganda kwanza, mguu mmoja wa mbele unabaki juu, mdomo unafungwa, masikio yanaelekea mbele na hata kuhema unaona kama kaacha, hapo umwite mara kumi ni sawa na kuita jiwe. Alafu ghafla kaondoka.

Wiki iliyopita kamba ilinichomoka mkononi nikiwa nafunga geti, akamkamata kuku wa jirani akamtikisa mara mbili tu, kwisha. Nimelipa, nimeomba radhi, lakini sijalala vizuri toka siku ile. Jirani kaniambia nimfunge huyo kuku aliyekufa shingoni akae naye mpaka aoze ndo atamchukia, mwingine kasema nimcharaze palepale, mwingine kaniletea kabisa kola ya umeme niazime, ile inayompiga shoti shingoni ukibonyeza kitufe. Mimi kumuumiza sitaki, ila kuku mwingine afe pia sitaki. Je hii tabia inatoka? Na kikubwa zaidi, mwanangu yuko salama?

Komando_wa_Geti

Pole dada. Mimi nitakwambia ukweli tu, mbwa akishaonja damu ndo basi tena, harudi nyuma. Tafuta mtu asiye na kuku wala majirani karibu umpe.

FilimbiMoja

Komando naomba nipishane na wewe hapo kwenye damu, maana hayo maneno yamefukuzisha mbwa wengi sana majumbani bila kosa. Damu haimbadilishi mbwa kitu. Kilichobadilika ni kwamba amefukuza, amefanikiwa, na kitu ukikifanya ukafanikiwa kesho unakifanya kwa bidii zaidi, basi.

MamaShaba pole sana, na nakupongeza kwa kukataa kiboko. Nimefundisha mbwa wangu na wa watu miaka mingi na ninachotaka ukishike ni hiki: kwa mbwa, kufukuza kwenyewe ndo malipo. Hata asipokamata kitu, zile sekunde tano za mbio ameshalipwa na utamu wake hakuna nyama uliyonayo mfukoni inayoufikia. Ndo maana kumwita hakusaidii, ndo maana pia kumpiga akirudi hakusaidii, yaani kwake hesabu inakuwa: kufukuza ni kutamu, kurudi kwa mama ni kuchungu. Ukifanya hivyo mara mbili tatu utakuwa umemfundisha asirudi.

Kuwinda kwa mbwa ni mlolongo, kaurithi toka kwa mbwa mwitu wa kule Ulaya na Asia (wolf): anaona au ananusa, anakaza macho, ananyatia, anafukuza, anakamata, anaua, anararua, anakula. Binadamu kwa kuchagua mbegu vizazi na vizazi alikuza vipande fulani akafifisha vingine. Angalia aina za mbwa za kizungu: border collie anakaza macho na kunyatia kondoo lakini kuuma kumefifishwa, pointer anaganda tu pua ikielekeza ndege alipo, retriever anabeba ndege mdomoni bila kumponda, terrier alizalishwa aende mpaka kwenye kuua panya, na greyhound ni macho na miguu, anaweza kukaribia kilomita 70 kwa saa kwaiyo ukisema utamkimbilia umfikie sahau. Chotara ana mchanganyiko wake, kazi yako ni kumtazama ujue yeye roho yake iko kwenye kipande gani. Kwa maelezo yako Shaba anapenda sana kile cha kukaza macho na kile cha kufukuza. Hiyo ni habari njema, nitakwambia kwanini.

Tabia haitoki, usidanganywe na mtu. Inaongozwa. Kwanza kabisa azuiwe kufanya mazoezi ya kosa, maana kila mbio anazofanikiwa zinafuta wiki yako nzima ya kufundisha. Nunua kamba ndefu ya mita kumi, uifunge kwenye mkanda wa kifuani, sio kola ya shingoni, kwasababu akichomoka na kamba ikafika mwisho shingo itaumia. Usiizungushe mkononi wala kwenye kiganja, itakukata vidole. Vaa glovu.

Alafu tafuta umbali. Kila mbwa ana umbali ambao anamuona kuku lakini akili bado anayo, kwa mmoja ni hatua kumi, kwa mwingine ni hatua mia. Ukiwa kwenye umbali huo simama, mwache atazame. Usimwambie kitu, usimvute. Kutazama ruksa! Watu wengi wanakosea hapa, wanamkataza hata kutazama, wakati kukaza macho ni kipande cha mlolongo anachokipenda na unaweza kumpa bure bila mtu kuumia. Asimame atazame, umsifu kwa sauti ya chini, taratibu. Iko sekunde moja utaona sikio moja linageuka kuja kwako, au anapumua, au anakutupia jicho. Hiyo sekunde ndo dhahabu. Sema "ndio!" na umlipe hapohapo.

Na malipo yasiwe nyama tu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, David Premack, mwaka 1959 alieleza kwamba jambo ambalo mnyama analitaka sana linaweza kutumika kulipia jambo asilolitaka sana. Shaba anataka kufukuza, basi mlipe kufukuza. Akigeuka tu, wewe geuka ukimbie upande mwingine na fimbo yenye kamba, mwisho wa kamba kitambaa kinaburuzika nyuma yako, akufukuze, akikamate, akitikise, mwachie ashinde. Kuku kabaki kule, Shaba kapata mbio zake, na kilichomfikisha kwenye mbio ni kukugeukia wewe.

MamaShaba

FilimbiMoja Mungu akubariki, nimesoma mara tatu. Sasa leo jioni nimejaribu, nimempelekea vipande vya ini anavyovipenda kuliko kitu chochote, lakini kuku alivyotokea ini nimemuwekea mpaka mdomoni akalitema! Hapo inakuwaje? Na swali la mtoto bado linaniumiza roho.

FilimbiMoja

Akitema chakula maana yake upo karibu mno, sio kiburi. Mwili wake umeshaingia kwenye kuwinda, kula hakumo kichwani kabisa. Rudi nyuma, rudi tena, mpaka ale. Mlikuwa hatua ngapi?

MamaShaba

Kama kumi na tano hivi.

FilimbiMoja

Anza na sitini.

Na kingine, tumia filimbi kumwita, maana jina lake, Shaba! Shaba! Shaba! ukilipiga kelele wakati anakimbia anaweza kudhani unamshangilia. Nunua filimbi mpya ambayo hajawahi kuisikia. Ndani ya nyumba, piga mara moja, nyama hapohapo, hata kama hajafanya kitu chochote. Mara kumi kwa siku, siku tano sita, mpaka ukiipiga anakuja mbio toka chumba kingine anateleza kwenye sakafu. Ndo utoke nayo nje, kwanza sehemu tulivu isiyo na mnyama. Usiipige kumwita akaoge, usiipige kumfungia, na kama unaona kabisa hatakuja usiipige, vuta kamba taratibu umsogelee. Filimbi ikidanganya mara chache tu imekufa.

Dk_Mifugo

Naongezea upande wangu, mimi ni daktari wa wanyama. Kuku aliyeoza shingoni muache kabisa, tafadhali. Kosa limetokea siku nyingi, mbwa hawezi kuunganisha mzoga wa leo na mbio za wiki iliyopita, utakachopata ni nzi, vidonda shingoni, na mbwa anayeweza kuumwa tumbo maana ataula.

Kola ya umeme nayo naomba umrudishie mwenyewe kwa heshima. Wales, sehemu ya Uingereza, waliipiga marufuku tangu 2010. Na mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln huko Uingereza walichapisha utafiti wa mbwa 63 ambao wenye nao walilalamika hawarudi wakiitwa, wengi wao wakiwa na tatizo la kusumbua mifugo au kufukuza. Kundi moja lilifundishwa kwa kola za umeme na walimu waliopendekezwa na watengenezaji wenyewe wa kola, makundi mengine yakafundishwa kwa malipo zaidi. Mbwa wa umeme walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na matokeo ya mafunzo hayakuwa na ubora wa kueleweka juu ya wenzao. Sasa kama hao wataalamu hawakupata faida, mtu anayebonyeza kitufe mkono unatetemeka kwa hasira atapata nini? Na mimi nina hofu nyingine kubwa kwa nyumba yako: maumivu yakija, mbwa anayaunganisha na anachokiona wakati ule. Fikiria ni mtoto ndo kapita mbele yake.

Kuhusu mtoto nitasema bila kuficha. Kuwinda na ukali ni vitu viwili tofauti. Mbwa mwenye hasira au hofu ananguruma, anaonyesha meno, anataka kile kitu kiondoke. Anayewinda yuko kimya, anataka kile kitu kisogee karibu. Kumuua kuku hakumaanishi Shaba amekuwa mkali kwa watu. Lakini mtoto mdogo anayekimbia huku anapiga kelele nyembamba anaweza kuamsha kipande cha kufukuza kwa mbwa yeyote, kwaiyo mtoto na mbwa wasiachwe peke yao hata dakika mbili, hata huyu mpole, na mtoto afundishwe kusimama kama mti mbwa akichangamka. Pia mzoeshe Shaba kikapu cha mdomoni, kile cha wazi ambacho anahema, anatoa ulimi na kunywa maji, sio kile cha kitambaa kinachobana mdomo. Kipake kitu kitamu ndani, aingize mdomo mwenyewe, wiki nzima bila kufunga mkanda. Sio adhabu, ni mkanda wa gari tu.

PakaWatatu

Mimi nina mbwa na paka watatu nyumba moja, miaka minne sasa na salama. Miezi miwili ya mwanzo walikuwa wanaonana kupitia geti dogo la watoto tu, mbwa na kamba, paka na shelfu ya juu ya kukimbilia. Kinachomwasha mbwa ni paka kukimbia, paka akiwa na pa kupanda hakimbii, anakaa juu anamtazama tu na mbwa anachoka. Ila dada jua kwamba wa kwangu paka wa nje bado anamfukuza mpaka leo! Kwake paka wa nyumbani ni ndugu, paka wa nje ni paka. Kwaiyo usije ukamuona katulia na mnyama mmoja ukafungua kamba.

Na mpe kazi ya pua. Tawanya chakula chake kwenye majani akitafute, ficha kitambaa chenye harufu yako akifukue. Wa kwangu dakika kumi na tano za kunusa zinamlaza kuliko saa zima la kutembea.

Komando_wa_Geti

Sawa wakuu, kwenye damu nimesahihishwa na nimeelewa. Mimi wangu niliwahi kumpa mtu kwa sababu hiyohiyo na mpaka leo linaniuma. Hiyo fimbo yenye kamba na kitambaa unachezaje nayo, ni muda wote?

FilimbiMoja

Pole ndugu yangu, ulifanya kwa ulichojua. Fimbo ni dakika tatu nne tu, zile kona kali zinaumiza magoti, na mbwa mchanga ambaye mifupa haijakomaa mburuzie polepole chini bila kumrusha juu. Mfundishe maneno mawili. "Subiri" kitambaa kikiwa kinatembea mbele ya pua yake, na "kamata" ndo aende. Akiweza kusubiri mbele ya kitambaa kinachoruka, amejifunza kujizuia damu ikiwa inachemka, na hicho hasa ndo unachokitafuta kwa kuku. Mwisho wa mchezo mwachie akirarue.

MamaShaba

Narudi kuwapa mrejesho, ni wiki ya saba. Kola nimemrudishia mwenyewe. Kuna siku mbili mbaya, moja paka alichomoka chini ya gari karibu kabisa na sisi, kamba ikamzuia, nililia siku hiyo nikaona kazi yote imepotea. Haikupotea, kesho yake tulianza mbali zaidi tukaendelea.

Jana tulikuwa hatua kama ishirini na tano toka kwa kuku wa jirani, walewale. Akaganda, mguu juu, mdomo ukafungwa. Nikanyamaza, moyo unanienda mbio. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, nikaona mguu unashuka chini, sikio la kushoto likageuka kwangu, alafu kichwa. Nikasema "ndio!" nikageuka nikakimbia na kitambaa, akanifuata mpaka kwenye geti akakikamata akakitikisa kama kile kitu ndo adui yake mkubwa duniani. Jirani alikuwa dirishani, kaniuliza filimbi nimenunua wapi, mbwa wake naye anafukuza baiskeli. Kamba bado sijafungua, na kwa nilivyowaelewa hapa sina haraka ya kuifungua.