Kikundi cha ukoo: Kanga ya Shangazi na mita 750 za Raskazone

Dada Mkubwa: Assalamu alaikum, jamaa wote. Mama anauliza tangu asubuhi kama mtu wetu ametoka majini salama katika yale mashindano ya michezo mitatu (triathlon) ya ufukwe wa Raskazone, hapa Tanga. Zuhura, tumeona picha moja tu, umekaa chini ya mwarobaini na miguu imejaa mchanga, na picha hiyo haisemi kama umemaliza au umekatishwa.

Zuhura: Waalaikumu salaam. Shikamoo Babu, shikamooni wazee wangu wote. Nimemaliza. Mniwie radhi kwa kuchelewa kujibu; nilipofika nyumbani nililala hadi adhuhuri, na simu ilikuwa imezimika. Kwa kuwa Babu hapendi humu tuandike maneno ya kukatakata, nitaeleza kwa ukamilifu. Tuliogelea mita 750, tukaendesha baiskeli kilomita 20, kisha tukakimbia kilomita 5, vyote mfululizo, nami nimetumia saa mbili na dakika saba. Tulianza watu 36 na nimekuwa wa 31.

Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Hongera sana. Je, saa inaendelea kuhesabu hata pale mtu anapovaa viatu?

Zuhura: Inaendelea, Babu, na hapo ndipo nilipoumia. Nitafika huko.

Mama: Mimi nataka ya baharini kwanza. Nimelea watoto watano Chumbageni, bahari tunaisikia usiku, na hakuna binti hata mmoja aliyefundishwa kuogelea, maana sisi tuliambiwa bahari ni ya wavuvi na watoto wa kiume. Leo mwalimu wa miaka 43 ananiambia anakwenda kuzunguka maboya.

Zuhura: Mama, hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza pale ufukweni kabla ya kipenga. Nimekula samaki wa ghuba hii maisha yangu yote, lakini miezi minane iliyopita nilikuwa sijawahi kuingiza uso wangu ndani ya maji yake. Nilivaa lile vazi la kufunika mwili mzima, ambalo msimamizi alilishika kitambaa, akaridhika na kuniruhusu, kwa sababu kinachokatazwa kwenye maji ya joto kama haya yetu ni yale mavazi mazito ya mpira ambayo humfanya mtu aelee. Kipenga kilipolia watu wote waliingia kwa pamoja, na katika mita hamsini za mwanzo nilipigwa teke la bega, nikakanyagwa kisigino, nikanywa maji ya chumvi mara mbili. Nilipotazama chini sikuona kitu, si mchanga wala mwani, isipokuwa kijani kizito, na pumzi ikanikataa. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Niliogopa tu, na hofu ya namna ile sikuwahi kuipata siku zote za mazoezi, kwa kuwa nilikuwa nikifanyia pale ninapoweza kusimama.

Mama: Yaa Rabi. Ukafanyaje?

Zuhura: Nililala chali, nikatazama mbingu, nikahesabu pumzi ishirini. Kulikuwa na ngalawa mbili za wavuvi zilizowekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Nikaenda kushika mrengu wa ile iliyo karibu, jambo ambalo sheria inaliruhusu ilimradi chombo kisikuvute mbele. Mzee aliyekuwa ndani yake alinitazama kwa muda, kisha akaniambia kwa utulivu kabisa, kana kwamba tumekutana sokoni: "Mwalimu, huko chini hujatega dema, unatazama nini? Shika mnazi ule uliopinda, uweke juu ya paa jekundu, uende." Nimesoma mengi kuhusu kuogelea tangu mwaka jana, na hakuna lililonifaa kama maneno yale.

Mjomba: Huyo anajua kazi. Ndivyo tunavyopata mahali pa kutega: alama ya mbele na alama ya nyuma zikilingana, umo njiani, zikiachana, maji yanakuchukua. Ila nataka kuuliza jambo moja. Nani aliwachagulia siku? Nilitazama mwezi nikaona leo ni maji mafu, yaani yasiyojaa wala kukupwa sana, na nikafurahi, kwa sababu mngefanya siku ya bamvua ingekuwa habari nyingine. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hapa kwetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri, na ikifika saa moja yanakupwa kwa nguvu, yanashuka zaidi ya mita tatu kabla ya saa tano, na yeyote asiyejua kuogelea vizuri anajikuta anaelekea bahari kuu bila kutaka. Siku kama ya leo bahari inajaa polepole hadi saa nne na haina haraka na mtu.

Zuhura: Waandaaji walikwenda kuwauliza wavuvi, Mjomba. Awali walikuwa wameandika tarehe ya wiki iliyopita, wakaiahirisha baada ya kuelezwa haya haya unayoyasema.

Mjomba: Basi wana akili. Endelea.

Zuhura: Nilitoka majini baada ya dakika 24, nikiwa wa tatu kutoka mwisho. Hapo sasa, Shangazi, naomba unisamehe kabla sijasema.

Shangazi: Kwani kuna nini? Au ni ile kanga?

Zuhura: Ni ile kanga. Baiskeli zote hutundikwa kwenye vyuma vilivyopangwa safu baada ya safu, na mtu anapotoka majini kichwa kinazunguka na baiskeli zote zinafanana. Kwa hiyo jana niliifunga kanga yako nyekundu mwisho wa safu yangu ili iniongoze. Nilipofika mbio, kanga haikuwepo. Nadhani kijana mmoja wa kujitolea aliiona inapepea, akafikiri imepeperuka kutoka kwa mtu, akaikunja kwa heshima na kuiweka mahali pazuri ambapo mimi sipajui. Nilipita safu mbili nzima nikisoma namba za baiskeli kama mtu anayetafuta nyumba mtaa wa kigeni. Nilipoipata yangu nikaishika usukani kwa furaha, na msimamizi akanisimamisha, kwa sababu mkanda wa helmeti lazima ufungwe kidevuni kabla hujaiondoa baiskeli kwenye chuma chake. Ikabidi niirudishe, nivae, nifunge, niichukue upya. Dakika saba, Babu, na wenzangu wengi wametumia mbili.

Babu: Kwa hiyo dakika tano umezipoteza umesimama, bila kutoka jasho.

Zuhura: Ndiyo, Babu. Nimepiga hesabu: bila hizo ningekuwa wa 27.

Ami: Hongera, binti yangu. Sasa twende kwenye baiskeli, ambayo ndiyo lugha ninayoielewa, maana sisi wa Tanga tumezaliwa juu ya tandiko. Mlipita wapi?

Zuhura: Ahsante, Ami. Tulitoka Raskazone tukapita Bombo, tukashika barabara ya Pangani, tukageuka kilomita ya kumi. Tungeendelea tungefika magofu ya Tongoni. Wakati wa kwenda kaskazi ilinisukuma mgongoni, nikawapita watu sita na nikaanza kujiona bingwa, wakati kumbe sifa zote zilikuwa za upepo. Kurudi ulinikabili usoni. Wenye baiskeli nyembamba za mashindano walilala juu ya usukani wakapita. Mimi na ile ya gia niliyoazima kwa fundi tulisimama wima kama tanga. Nimetumia dakika 52.

Ami: Na kwa nini hukujificha nyuma ya mmoja wao? Ukimfuata mtu mgongoni, umbali wa dhiraa moja tu, anakukatia upepo na wewe unapumzika. Nimewatazama wa Olimpiki tangu mchezo huo ulipoingizwa pale Sydney mwaka 2000; wanakwenda kundi moja kama ndege.

Zuhura: Wale wa Olimpiki wanaruhusiwa, Ami. Sisi wa kawaida tunakatazwa, na ukimfuata mtu kwa karibu unaadhibiwa kwa kusimamishwa. Kila mmoja abebe upepo wake.

Ami: Sheria hiyo imetungwa na mtu asiyewahi kupeleka magunia Muheza.

Mpwa (Dodoma): Shikamoo Mama Mdogo. Nina swali. Mimi hukimbia kilomita 10 kila Jumamosi, je, mbio za kilomita 5 mwishoni si ndiyo sehemu rahisi?

Zuhura: Marahaba, mwanangu. Hata mimi nilidhani hivyo. Unaposhuka baiskeli, mapaja bado yanataka kuzungusha pedali, na ukiyaamrisha kukimbia yanakujibu kama miguu ya kitanda. Wanaojua huzoeza mwili kwa kushuka baiskeli na kukimbia papo hapo, hata dakika kumi tu. Mimi nilifanya hivyo mara mbili, na ingefaa iwe ishirini. Kilomita ya kwanza nilikwenda kama bata. Ilikuwa imekwisha kutimu saa mbili na nusu, jua limeshakaza, nikawa nakimbia kutoka kivuli cha mwembe hadi kivuli cha mwembe na kutembea palipo jua. Kilomita ya nne wanafunzi wangu watatu wa darasa la sita walitokea wakakimbia nami pembeni wakiniuliza, kwa adabu kabisa, kama nahitaji kubebwa. Baada ya swali hilo sikuweza kutembea tena.

Dada Mkubwa: Nimecheka hadi Mama amenipokonya simu.

Mama: Nimeisoma mwenyewe. Ulikula nini asubuhi?

Zuhura: Muhogo wa kuchemsha na chai, saa kumi na moja, Mama. Mwishoni walitupa madafu.

Mama: Muhogo umekufaa. Nami nina ombi, na naliandika mbele ya watu ili lisisahaulike. Jumapili ijayo nataka unipeleke pale unapofanyia mazoezi, wakati wa maji mafu kama anavyosema kaka yangu, nisimame hadi magotini. Sitaki zaidi ya magotini.

Mjomba: Dada, Jumapili ijayo ni karibu na bamvua. Nendeni jioni, mnamo saa kumi, maji yakiwa yamejaa na kusimama, na msikae baada ya kuanza kukupwa. Nitakuja na mtumbwi.

Babu: Nami nitakuja, nikae chini ya mwarobaini.

Shangazi: Mimi nimewasikiliza wote kwa subira. Hongera, mwanangu Zuhura, kwa hayo yote. Lakini kanga ni doti, na kipande kilichobaki kabatini hakina mwenzake, na Ijumaa kuna harusi Makorora ambako tumekubaliana wote kuvaa nyekundu.

Zuhura: Nimekwisha kuulizia, Shangazi. Imepatikana: ilikuwa imetandikwa kwenye meza ya kugawia medali. Nitaifuata kesho kabla ya kipindi cha kwanza.

Shangazi: Uifue kwanza ndipo uilete.