Majirani wa Barabara ya Pili: sindano ya kila siku 28

Mama Jamila: Hodi jamani. Mjukuu wa mzee wa kona kapimwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, wanasema valvu ya moyo, yaani mlango wa damu, inavuja. Kaandikiwa sindano kila mwezi. Sasa hana homa, hana chochote, sindano za nini?

Dokta Mussa: Za kuzuia maambukizi ya koo yasirudi. Valvu yenyewe haziizibi. Kuna bakteria wa koo, streptokoka. Kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili ikishapigana nao inageukia viungo na moyo, wiki 2 au 3 baadaye. Leo goti limevimba, kesho limepoa, maumivu yamehamia kifundo cha mguu. Viungo vinapona. Valvu inabaki na kovu, ndiyo ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi.

Bi Zuhura: Valvu ipi, mwanangu?

Dokta Mussa: Shikamoo Bi. Mara nyingi mitrali, upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini. Cha chini kikikaza kusukuma damu mwilini, mitrali inatakiwa ijifunge kabisa. Ikishindwa, damu nyingine inarudi juu, presha inapanda mpaka mapafuni. Ndiyo mtoto anahema akipanda ngazi na usiku anataka mito miwili. Kila maambukizi mapya ya koo yanaweza kuongeza kovu.

Mama Jamila: Si wampe vidonge? Analia huyo!

Sista Neema: Vipo, penisilini V miligramu 250 mara 2 kwa siku. Nani atameza miaka 10 bila kuruka? 😅
Sindano ni penisilini ya benzathini, yuniti milioni 1.2. Chini ya kilo 30, laki 6. Dawa ni nzito, sindano nyembamba inaziba, ya unene wa namba 21 inafaa. Waombeni waichanganye na lignokaini (dawa ya ganzi) kidogo, wachome polepole dakika 2 hadi 3, mtoto amelala. Ale na anywe maji kwanza. Waulize kama penisilini humtoa vipele, na asiondoke kabla ya nusu saa.

Sista Neema: Na hesabuni siku 28, msiseme "mwisho wa mwezi". Akianza Jumanne, ni Jumanne daima.

Dokta Mussa: Ila kama anahema hata akiwa amekaa, au miguu imevimba, asichomwe mpaka daktari wa moyo aamue. Moyo uliochoka sana unaweza kuzimika ghafla baada ya sindano. Hao mara nyingi hupewa vidonge.

Bi Zuhura: Marahaba. Zinasaidia kweli lakini?

Dokta Mussa: Utafiti wa Uganda uliotoka 2022, watoto na vijana 818 waliogunduliwa mapema kwa eko. Baada ya miaka 2 ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Huyu wetu valvu imeshaharibika, kwa hiyo ni miaka 10 angalau, wengine mpaka wafike 40.

Mama Jamila: Na zahanati ikiishiwa dawa?

Sista Neema: Wapige simu siku 2 kabla, wakiambiwa haipo watafute kituo kingine. Siku ikipita, achomwe mara inapopatikana, kisha 28 zinahesabiwa upya kuanzia hapo.