Geti la wapangaji: rimoti za swichi, rimoti za msimbo unaobadilika, au kufungua kwa simu?

Msimamizi_Ilazo
Heshima kwenu wanajukwaa. Ninasimamia jengo lenye wapangaji 9 hapa Ilazo, Dodoma, lenye geti moja linalotembea kwenye reli kwa mota. Rimoti tulizonazo ni zile zenye swichi ndogo 8 ndani yake, na wapangaji watatu wamekwisha kuhama bila kurudisha zao. Fundi amenipa njia tatu: kubadili mpangilio wa swichi na kuendelea, kufunga risiva mpya (kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti getini) yenye rimoti za msimbo unaobadilika, au kufunga kifaa chenye laini ya simu ambacho mpangaji hukipigia na geti likafunguka. Ninaomba mnilinganishie, hasa kwa upande wa usalama na matunzo.

Fundi_Nkuhungu
Ndugu Msimamizi, swichi 8 za juu na chini hutoa mipangilio 256 tu, na rimoti hutoa msimbo uleule kila inapobonyezwa, kwa hiyo mwenye rimoti ya kunakilia huinakili yako kwa sekunde chache. Kila mpangaji anapohama inakubidi ukusanye rimoti zote zilizobaki na kuzifungua moja moja kwa bisibisi. Najua wasimamizi wengi hufanya hivyo mara ya kwanza, na mara ya pili huacha.

Katika msimbo unaobadilika, kama ule wa KeeLoq unaotumika katika chipu za Microchip, rimoti na risiva huhesabu pamoja kila mbonyezo, na msimbo uliokwisha kutumika haukubaliwi tena. Kila rimoti pia ina namba yake ya pekee. Hata hivyo, usinunue kwa kuambiwa tu kwamba msimbo unabadilika. Risiva za bei nafuu zenye kitufe kimoja cha kusajili hufuta rimoti zote kwa pamoja ukikishikilia kwa muda mrefu, wakati wewe unahitaji ile inayoweza kufuta rimoti moja iliyopotea na kuziacha nyingine zikifanya kazi. Muulize fundi wako swali hilo kabla ya kuuliza bei.

Mama_Wawili_Kisasa
Ninazo hizo za msimbo unaobadilika, na niwape tahadhari. Mwanangu aliichezea rimoti sebuleni siku nzima, mbali na geti, na jioni ikakataa. Nilikuwa karibu kununua nyingine, nikaambiwa nibonyeze mara mbili mfululizo, geti likafunguka.

Fundi_Nkuhungu
Ndivyo inavyotakiwa, mama. Kwa chipu ya KeeLoq kama HCS301, rimoti ikiizidi risiva kwa hesabu ya mibonyezo isiyopita 16 hufungua mara moja. Ikizidi hapo, risiva husubiri misimbo miwili inayofuatana ili ijiridhishe.

Masafa433
Tusiwape watu imani iliyopitiliza. Mwaka 2015 Samy Kamkar, mtafiti wa usalama wa vifaa vya kielektroniki, alionyesha kifaa kinachozuia mawimbi ya rimoti huku kikiyanasa. Mwenye gari hubonyeza tena, kifaa kikarusha msimbo wa kwanza na kubaki na wa pili ambao bado haujatumika.

Fundi_Nkuhungu
Ni kweli kabisa, lakini mwizi wa mtaani kwetu hana haja ya kifaa hicho wakati geti linajifunga taratibu na mwenye gari ameshaingia ndani bila kutazama nyuma.

Mlinzi_Mstaafu
Nililinda jengo lenye kifaa cha simu huko Area D. Kifaa hukata simu bila kuipokea, hivyo mpigaji hakatwi salio, na kumfuta aliyehama ni kufuta namba yake tu. Udhaifu wake ni kwamba laini ya simu iliyo ndani ya kifaa ikisahauliwa hufungwa, na mtandao ukiyumba saa tano usiku wote mnasimama nje. Umeme nao ukikatika, kifaa na mota vyote vinahitaji betri ya akiba. Kwa hali yoyote, ufunguo wa kuiachia mota kwa mkono ukae mahali ambapo watu wawili wanapajua.

Mama_Wawili_Kisasa
Na matunzo ya rimoti zenyewe je? Vumbi la kiangazi hapa kwetu linaingia hata kwenye sukari.

Fundi_Nkuhungu
Fungua kifuniko, pangusa vishikizo vya betri kwa kitambaa kikavu, na usiiache rimoti juu ya dashibodi juani. Nyingi hutumia betri ndogo ya volti 12 aina ya 23A, nyingine CR2032 ya volti 3. Taa ya rimoti kuwaka si uthibitisho kwamba betri ni nzima. Umbali ukipungua, badilisha. Rimoti zote zikipungua umbali kwa wakati mmoja, usizilaumu rimoti: angalia risiva, kwa sababu mara nyingi imefungiwa ndani ya boksi la chuma au waya wa antena umekatwa. Kwa masafa ya 433.92 MHz waya huo huwa na urefu wa takriban sentimita 17.

Masafa433
Niongeze jambo moja lililotutesa siku mbili: rimoti ya jirani ilibanwa ndani ya mkoba, kitufe kikawa kimebonyea, ikarusha mawimbi mfululizo na kuzizima zetu zote hadi betri yake ilipoisha.

Msimamizi_Ilazo
Nawashukuru sana. Nitachukua risiva inayofuta rimoti moja moja, niandike namba ya kila rimoti kwenye daftari pamoja na amana ya mpangaji. Kifaa cha simu nitakiacha kwanza.

Fundi_Nkuhungu
Vema. Siku ya kufunga, simama hapo mwenyewe uhakikishe risiva ya zamani imeondolewa kwenye mota. Mafundi wengine huunganisha mpya pembeni yake na kuiacha ile ikiwa hai, nazo rimoti tatu za wale waliohama zitaendelea kufungua geti lako kama kawaida.